Mhariri, Chris Wallace hakumuuza Gasol kwa kangomba

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Mtwara.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, tangu enzi zile gazeti linafika huku usiku au kesho yake kabisa kwa sababu basi limelala kwenye tope kati ya Ndundu na Somanga, na miaka yote hiyo nasoma kimya kimya sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ila makala yenu ya wiki iliyopita kule nyuma kwenye michezo, ile ya mameneja walioziua timu zao kule NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, imeninyanyua kibarazani. Naomba nafasi. Najua barua ndefu huwa mnazikata, ila hii mkiikata jueni mnakata shingo.

Mwandishi wenu kasema Chris Wallace, yule aliyekuwa meneja mkuu wa Memphis Grizzlies, ni katika watu wabovu kuliko wote waliowahi kushika kazi ya kubadilishana wachezaji. Kwanini? Kwamba alimgawa nyota wake Pau Gasol kwa Los Angeles Lakers, kwamba alimchukua Hasheem Thabeet wetu akawaacha James Harden na Stephen Curry, na kwamba huyo huyo Thabeet baadaye akamwachia aende bure bila kupata kitu. Basi, makala imeisha, na picha ya Curry anacheka.

La mwisho sio kweli. La katikati ni kweli ila sio tredi, yaani kubadilishana wachezaji. Na hilo la kwanza ndo lenye mambo, ndo hasa limenifanya nitafute kalamu.

Mimi sio shabiki wa Memphis kwa kuzaliwa, nani huku kazaliwa shabiki wa Memphis. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu hapa hapa Mtwara mjini, na uwanja wetu wa kikapu ulikuwa na ringi moja tu inayofaa, nyingine ilibaki ubao, na wavu tuliufuma wenyewe kwa nyuzi za nyavu tulizoomba kwa wavuvi wa Mikindani. Usiku wa Juni 25 mwaka ule Memphis wakamchagua mtoto wa Dar es Salaam awe wa pili kwa wote, mbele yake Blake Griffin peke yake. Nyie mlikuwepo mnajua ilivyokuwa. Kuanzia wiki ile kila kijana mrefu mtaani kwetu akawa anaitwa Thabeet, hata mimi mwenye futi tano na inchi kumi na moja niliitwa Thabeet na nikaitika. Ndo nikaanza kuifuatilia Memphis, na kwa bahati mbaya au nzuri sijaacha mpaka leo, mke wangu anasema huu ni ugonjwa wa kulala saa kumi alfajiri.

Sasa tuanze na drafti, na sisemi ile ya kusukuma visoda pale sokoni. Drafti ya NBA ni kuchagua vijana wapya kwa zamu, timu mbovu zinapewa nafasi za mbele kwa bahati nasibu. Pale unachagua mtu, hutoi kitu chochote kwa mwenzako. Tredi ni jambo jingine kabisa, unatoa na unapokea, na kule hutoi tu hela taslimu kama Simba na Yanga wanavyonunua, mara nyingi mishahara ya wanaotoka na wanaoingia inatakiwa ikaribiane, kwa hiyo unakuta mtu anaingizwa kwenye biashara kama jiwe la kusawazisha mizani. Hivi ni vitabu viwili tofauti na mwandishi wenu kavichanganya kwenye mfuko mmoja halafu kapima. Kumchagua Thabeet mbele ya Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba ni kosa, sibishi, nampenda ndugu yetu lakini sibishi, msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 3.1 na Februari 2010 wakampeleka ligi ndogo kwa Dakota Wizards, na mpaka wakati ule hakuna aliyekuwa kachaguliwa juu kama yeye akapelekwa kule. Iliuma. Kijiweni kwetu tuliambiana kapelekwa "kupata uzoefu" na tukaamini kwa wiki kama mbili hivi. Lakini hilo liandikeni kwenye kitabu cha drafti, na kwenye kitabu hicho hicho muandike pia kwamba 2007 alimchukua Mike Conley nafasi ya nne.

Turudi kwa Gasol.

Nyie wa Dar labda kangomba mnaisikia bungeni tu. Huku tunaishi nayo. Mkulima kabanwa, mtoto kafukuzwa ada, mama mgonjwa, na mnada wa korosho mpaka Oktoba huko, anakuja jamaa na kipimo chake cha ajabu na hela iko mkononi, anazichukua korosho zako zikiwa bado maua juu ya mti kwa bei ya kutupa. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka ipo. Ukisikia mtu huku anaambiwa "umeuza kangomba" ujue kadharauliwa, maana yake ulikuwa na mali ukaitoa kwa sababu ya shida ya siku moja.

Basi Februari 1, 2008 dunia nzima ya kikapu ilisema Wallace kauza kangomba. Alimtoa Pau Gasol, nyota pekee wa timu, akapokea Kwame Brown ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha, Javaris Crittenton aliyekuwa bado mtoto, Aaron McKie ambaye msimu ule hata hakuwa anacheza, alisainishwa tu ili hesabu ya mishahara ikae sawa, pamoja na nafasi mbili za drafti za baadaye, za raundi ya kwanza, na haki za kijana mmoja aliyekuwa bado Hispania, mdogo wake Pau, mnene mnene, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Watu wakacheka. Gregg Popovich kocha wa San Antonio Spurs alikasirika mpaka akasema ilifaa kuwe na kamati ya kufuta biashara za namna ile. Lakers wakaenda fainali mwaka ule ule wakafungwa na Boston, kisha wakabeba ubingwa 2009 na 2010 Pau akiwa ndani. Kwa hiyo Lakers walipata walichokitaka, hilo halina mjadala na mimi sijaja kulipinga.

Swali ni Memphis walipata nini, na hapa ndipo mwandishi wenu alipofunga kitabu mapema.

Kwanza walikuwa wanapoteza nini? Wakiwa na Pau, Memphis waliingia pleyofu, yaani mtoano wa mwisho wa msimu, mara tatu, 2004, 2005 na 2006, na mara zote tatu walifungwa nne bila. Mechi kumi na mbili, ushindi sifuri. Nyota unaye lakini nyumba inavuja vile vile, halafu mshahara wake ni mkubwa na mji wenyewe mdogo na mwenye timu wa wakati ule, Michael Heisley, alitaka matumizi yapungue. Kwa hiyo shida ilikuwepo, kama ya mkulima wetu. Ila mkulima wa kangomba anapewa hela ya kula leo basi, huyu alipewa na mche. Mzee yeyote wa Tandahimba atakwambia mche wa korosho hauulizi maswali mwaka wa kwanza, unaupalilia, unaupulizia salfa, mtu anapita anakuona mjinga.

Yule mnene ni Marc Gasol. Alifika Memphis msimu wa 2008 kuelekea 2009, mwaka 2012 akawa All-Star, yaani kaitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, 2013 akawa beki bora wa ligi nzima, 2015 akawekwa kikosi cha kwanza cha NBA. Na mwaka 2011 Memphis waliingia pleyofu wakiwa wa nane, wa mwisho kabisa, wakapangwa na walioongoza upande wa Magharibi wa ligi, na hao walioongoza ni Spurs, ndio, Spurs wa Popovich, mzee wa kamati. Memphis wakawatoa nne kwa mbili. Sijui kama Popovich alikumbuka kamati yake usiku ule, mimi ningekuwa yeye ningekumbuka.

Je Wallace alijua Marc atakuwa vile? Sidhani. Hakuna aliyejua, na mimi sitaki kumfanya mganga. Lakini alimdai yule kijana awemo kwenye mzigo, na kwenye biashara hii meneja anapimwa kwa alichokidai wakati wenzake wanacheka. Hata zile nafasi mbili za drafti hazikwenda hivi hivi, ya 2010 ilimleta Greivis Vásquez aliyecheza pleyofu zile za 2011, kisha akapelekwa New Orleans akaja Quincy Pondexter.

Halafu kuna hii ambayo hamkuiandika hata mstari mmoja na ndo inayoniudhi zaidi. Memphis walikuwa na Darko Miličić, yule wa pili kwenye drafti ya 2003, mtu aliyekuwa kashazunguka timu kadhaa na hakuna kilichokuwa kinatoka. Usiku ule ule wa drafti ya Thabeet wakampeleka Knicks wakapata Quentin Richardson. Richardson mwenyewe hata begi hakufungua, wiki chache baadaye, Julai 2009, wakampeleka Clippers wakamchukua Zach Randolph. Huyu Randolph wakati ule alikuwa mzigo ambao timu zinausukuma kwa mguu, mshahara mkubwa, sifa mbaya, katoka Portland kaenda Knicks katoka Knicks kaenda Clippers. Wallace akamchukua. Msimu ule ule akawa All-Star. Mechi ya sita dhidi ya Spurs 2011, ile ya kuwamaliza, alifunga pointi 31 na ribaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu akaiokota, na leo jezi yake namba 50 imetundikwa juu kwenye ukumbi wa Memphis, hakuna atakayeivaa tena. Darko akawa Richardson akawa Randolph! Huku kuna jamaa alianza na kuku akaishia na bodaboda na tunamheshimu mtaa mzima, sasa huyu mmemwita mbovu kuliko wote.

Ongeza Tony Allen aliyesainiwa 2010 akiwa huru, hana mkataba na timu yoyote, sio tredi lakini ni mkono ule ule, na timu imekamilika: Conley, Allen, Randolph, Marc. Misimu saba mfululizo pleyofu, 2011 mpaka 2017, na 2013 wakafika fainali ya Magharibi. Spurs wakalipiza pale, nne bila, tuliumia. Wakati huo timu ilikuwa imenunuliwa na Robert Pera na Wallace kasogezwa pembeni, ndo maana ile ya Rudy Gay kwenda Toronto Januari 2013 siihesabu kwake, aliyekuwa na usukani ni Jason Levien, Wallace alirudishiwa funguo 2014. Ila wale wanne waliofika fainali ile waliletwa na nani?

Sasa Thabeet, na hapa mhariri naomba unisikilize vizuri maana ndo sehemu ya kusahihishwa.

Mmeandika kwamba Memphis walimwachia aende bure. Hapana. Februari 24, 2011, siku ya mwisho ya kubadilishana, Thabeet pamoja na DeMarre Carroll na nafasi moja ya raundi ya kwanza yenye masharti walikwenda Houston Rockets, na Memphis wakapokea Shane Battier na Ish Smith. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu habari niliipata kwenye simu ya mjomba, simu yenyewe kioo kimepasuka, nikasoma jina Thabeet na jina Houston nikajua kijana wetu kapata timu kubwa, nikatangaza kijiweni kwa furaha. Battier sikumjua. Nikamwona mzee mmoja tu asiyefunga pointi nyingi, nikasema wamepigwa hao.

Miezi miwili haikufika. Aprili 17, mechi ya kwanza na Spurs kule San Antonio, zimebaki sekunde chini ya thelathini, Memphis wako nyuma, mpira unamfikia nani, Battier, anapiga ya pointi tatu inaingia. Wakashinda 101 kwa 98. Ule ulikuwa ushindi wa kwanza wa pleyofu katika historia nzima ya timu ile, baada ya vile vipigo kumi na mbili nilivyovisema. Yaani mhariri, ukiufuata uzi kutoka mwisho kuja mwanzo, ushindi wa kwanza wa pleyofu wa Memphis umepitia kwenye mwili wa Mtanzania. Kaka yetu hakuupiga mpira ule lakini yeye ndo bei iliyolipwa. Mimi hilo linanipa fahari ya ajabu ajabu ambayo siwezi kumweleza mtu asiye wa huku, binamu yangu ananiambia ni fahari ya mtu aliyeuzwa, basi sawa, tumezoea kugombana.

Na Houston yeye Thabeet hakufikisha hata mechi kumi, akapelekwa Portland, kisha akaenda Oklahoma City akakaa misimu miwili. Kwa hiyo kwa Memphis ilikuwa tredi nzuri, tena nzuri sana, mtu aliyeharibu kwenye drafti alikubali kosa ndani ya misimu miwili akaligeuza kuwa kitu, na wangapi wanaweza hivyo? Mameneja wengi wakikosea kuchagua wanamng'ang'ania mtu mpaka mkataba unaoza ili wasionekane walikosea. Bei yake ilikuwepo, simfichi, DeMarre Carroll baadaye alikuja kuwa mchezaji wa maana kule Atlanta.

Siku hiyo hiyo ya Februari 24 kuna kichekesho. Walikuwa pia wanamtoa O.J. Mayo kwenda Indiana, makubaliano yakachelewa kufika ofisi ya ligi, muda ukapita, biashara ikafa. Mayo akarudi mazoezini kama mtu aliyeaga msibani halafu akakosa basi. Na akacheza zile pleyofu akitokea benchi. Bahati nayo ni mchezaji.

Lakini sasa msinifanye wakili wa kulipwa. Huyo Mayo mwenyewe alivyofika ni doa. Usiku wa drafti 2008 Memphis walikuwa na Kevin Love mkononi, wamemchagua wa tano, wakampeleka Minnesota pamoja na Mike Miller na wengine ili wampate Mayo aliyechaguliwa wa tatu. Mayo alianza vizuri, pointi 18.5 kwa mechi msimu wa kwanza, nikawa namtetea. Halafu Novemba 2010 Love anafunga pointi 31 na ribaundi 31 katika mechi moja dhidi ya Knicks. Thelathini na moja na thelathini na moja, mtu anaokota mipira kama anaokota korosho zilizodondoka asubuhi! Mayo akaondoka 2012 kwenda Dallas na Memphis hawakupata kitu, hiyo ndo mngeiita bure mngekuwa sahihi. Kuna wanaosema Love angekuwepo Randolph asingekuja kwa sababu wanacheza nafasi moja, inawezekana, lakini kumtetea mpaka huko ni kumtafutia mtu kisingizio cha kila kikombe alichovunja.

Na kabla ya Memphis kuna Boston, alikuwa meneja mkuu Celtics kuanzia 1997, huko mwanzo chini ya Rick Pitino. Kule alimchagua Paul Pierce wa kumi mwaka 1998, drafti hiyo, safi. Kwenye tredi sasa, Februari 2002 alimtoa Joe Johnson akiwa bado mtoto wa msimu wa kwanza, pamoja na nafasi ya drafti na wengine, kwenda Phoenix, ili apate Rodney Rogers na Tony Delk wa kumsaidia siku ile ile. Walifika fainali ya Mashariki mwaka ule, haya. Johnson akaja kuwa All-Star mara saba. Na kiangazi hicho hicho akamchukua Vin Baker kutoka Seattle na mkataba wake mzito, mtu ambaye ubora wake ulishabaki nyuma.

Mnaona kitu hapo? Mimi nilikiona juzi tu nikiwa nabishana na binamu, nikachukua daftari la duka nikaziandika zote. Wallace akiwa anauza ametulia, au anaokota kitu ambacho wenzake wamekikataa, anafanya vizuri. Akiwa na haraka ya kushinda mwaka huu huu, akienda sokoni na hela inamuwasha mfukoni, anaharibu. Angalia tena Januari 2015, timu iko vizuri, inahitaji kidogo tu, akaipa Boston Tayshaun Prince na nafasi ya drafti ya raundi ya kwanza ya baadaye, na Pondexter akaenda New Orleans, ili ampate Jeff Green. Green mwaka mmoja tu akapelekwa Clippers. Ile nafasi ya drafti ikawa deni linalowafuata miaka mitano, Boston walikuja kuichukua 2020 ikiwa ya 14. Miaka mitano unadaiwa koroboi uliyoivunja siku ya kwanza.

Chandler Parsons mmemsahau na ningekuwa nyie ningeanzia hapo. Mwaka 2016 alipewa dola milioni 94 kwa miaka minne wakati magoti yake kila mtu anayajua, na katika misimu mitatu akacheza mechi 95. Ni usajili wa mchezaji huru, sio tredi, kwa hiyo kwenye hoja yangu ya vitabu viwili simhesabu, lakini kama mnataka kumpiga mtu mawe si muokote jiwe lenyewe mnaacha mnaokota kokoto.

Na Desemba 2018, hii lazima niiseme maana hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, kulikuwa na tredi ya timu tatu, Memphis, Phoenix na Washington. Phoenix wanaamini wanapewa Dillon Brooks. Memphis wanasema sisi tumesema MarShon Brooks. Habari zimeshatoka, watu washaanza kuagana, biashara nzima ikavunjika kwa sababu ya akina Brooks wawili. Inaelezwa mazungumzo yalipitia kwa Washington katikati. Huku ukimtuma mtoto dukani kwa Mohamedi anarudi kukuuliza Mohamedi yupi, wa chini au wa msikitini, watu wazima wenye simu za bei mbaya wameshindwa kuuliza Brooks yupi.

Miezi miwili baadaye, Februari 2019, akamtoa na Marc kwenda Toronto, akapata Jonas Valančiūnas, Delon Wright, C.J. Miles na nafasi ya raundi ya pili. Toronto wakawa mabingwa mwaka ule ule. Kwa hiyo Wallace kawatoa ndugu wawili, miaka kumi na moja kati yao, na wote wamekwenda kuvaa pete za ubingwa kwingine. Huzuni ipo. Lakini Marc alikuwa kashafikisha miaka 34 na timu imeshakwisha, Valančiūnas alikuwa kijana wa kazi, mimi naiita tredi ya haki. Aprili hiyo wakamwondoa kwenye umeneja wakampeleka upande wa kutafuta vipaji, akaingia Zach Kleiman, na Juni Memphis wakachagua tena wa pili, miaka kumi kamili baada ya Thabeet, safari hii Ja Morant. Kuna watu wana bahati ya kuja baada ya mtu.

Kwa hiyo mhariri, ukiniuliza mimi wa Chikongola, kwenye tredi peke yake jamaa ni wa juu kidogo ya wastani, Randolph na Marc peke yao wanabeba kina Baker na Green na chenji inabaki. Drafti mpeni alama mnayotaka. Mikataba ya wachezaji huru mpeni sifuri kwa Parsons, nitasaini mimi mwenyewe. Lakini "mbovu kuliko wote" hapana, labda mwandishi aniletee orodha ya wengine wote aliowapima nami nitakaa chini.

Ninachoomba ni kidogo. Chapisheni sahihisho, hata liwe pembeni chini ya matangazo ya viwanja, kwamba Hasheem Thabeet hakuachwa bure na Memphis, alikwenda Houston Februari 24, 2011 na akaja Shane Battier. Naliomba kwa haraka kidogo kwa sababu binamu yangu ameshika gazeti lenu kama ushahidi na amekataa simu yangu, anasema ya intaneti kila mtu anaandika, yeye anaamini kilichochapwa, na tumewekeana kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, nyeupe, zisizovunjika. Yeye ndo ana mashamba, mimi nina duka tu. Mkichapa Jumamosi gazeti litafika hapa jioni, nitalifuata stendi mwenyewe.

Msomaji wenu,
Mpenda Kikapu,
Chikongola, Mtwara.